Kwako Baba Nuria: Chupa Zilizopungua Bila Kuguswa

Mpendwa Baba Nuria,

Salaam aleikum, huko uliko. Mimi na binti yako tu wazima. Mvua za mwaka huu zilichelewa lakini zilikuja, na watu wa kwenu Korbesa wameleta habari kwamba mifugo ina afya. Nakuandikia kwa sababu leo nimewafundisha Kidato cha Nne ile mada ya viwango vya kuchemka, na ni mara ya kwanza tangu ututoke nimeifundisha mpaka mwisho. Huko nyuma nilikuwa nikifika hapo namwachia mwalimu wa fizikia, nasingizia mkutano.

Nimeanza kama ninavyoanza siku zote. Nimeandika ubaoni vitu viwili, etha na butanoli, nikawaambia wahesabu atomi. Kaboni nne, haidrojeni kumi, oksijeni moja. Upande wa pili pia: kaboni nne, haidrojeni kumi, oksijeni moja. Uzito ni ule ule. "Sasa," nikawauliza, "kwa nini hii ya kwanza inachemka kwenye kiganja cha mkono, na hii nyingine inataka joto kupita maji yanayotokota?" Kisha msichana mmoja wa Kipsing akainua mkono. "Mwalimu, hiyo ya kwanza watu wanaifanyia nini?" Nikamwambia kwamba ilikuwa ikiwalaza wagonjwa wa upasuaji, hata hapa mjini petu. Halafu nikageuka nikafuta sehemu ya ubao ambayo haikuwa na maandishi.

Wewe nawe ulikuja na swali. Ilikuwa mchana wa jua kali, katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa mwalimu mpya kuliko wote na mwanamke pekee katika chumba cha walimu. Mjini watu walikuwa bado wanamuuliza baba yangu, mwenye malori, binti wa Kisomali anatafuta nini kwenye madawa ya maabara. Ukasimama mlangoni na shati lako jeupe la hospitali, mrefu, mwembamba, umeshika kofia mkononi.

"Salaam aleikum. Mwalimu wa kemia ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nina swali, lakini tafadhali lisitoke hapa."

Nilikuwa nimekusikia kabla ya siku hiyo. Watu walikuita Bwana Usingizi, kijana wa Kiborana aliyesomea Nairobi kazi ya kuwalaza wagonjwa. Ukakaa ukaniambia kwamba chupa zako za etha zinapungua kwenye stoo. Hakuna anayezifungua, lakini kila ukienda unakuta zimeshuka, na mbili zilikuwa karibu tupu. Ufunguo wa stoo ulikuwa nao wewe peke yako. Mganga mkuu alikuwa amekuita ofisini na kukuuliza unaipeleka wapi. Mjini tayari ilishasemwa kwamba unawauzia walevi, na wengine walisema unainusa mwenyewe.

"Wanasema macho yangu ni mekundu," ukaniambia.

Nikakutazama. "Ni mekundu kweli."

"Ni vumbi, Mwalimu!"

Nilicheka, ukakasirika, kisha ukacheka pia. Ndipo ukaniuliza lile swali: je, etha inaweza kuisha ndani ya chupa iliyofungwa?

Nikakuuliza chupa zinakaa wapi. Ukasema kwenye stoo ya mabati, rafu ya juu kabisa, kwa sababu wauguzi hawapendi harufu yake. Nikakuuliza vifuniko vikoje. Ukasema mpira wa ndani umekauka na kupasuka. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Hata hivyo nilikuchorea kwenye karatasi, kwa Kiswahili, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa sababu lugha ya maabara ni Kiingereza, na nilikwama mara kadhaa kwa kukosa maneno.

Nilikueleza hivi. Kwenye maji, kwenye spiriti ya kusafishia vidonda na kwenye butanoli, kuna haidrojeni iliyounganishwa moja kwa moja na oksijeni. Oksijeni inavuta elektroni upande wake, haidrojeni inabaki na upungufu, na kwa upungufu huo inaivuta oksijeni ya molekuli iliyo jirani. Hicho ndicho kifungo cha haidrojeni. Kila molekuli inamshika mwenzake, naye anamshika mwingine. Ili mmoja atoke awe mvuke, lazima apewe joto la kutosha kumbandua kwa wenzake. Etha pia ina oksijeni, lakini imekaa katikati, kaboni huku na kaboni huku, na haidrojeni zake zote zimeungana na kaboni. Hizo haziwezi kumshika jirani namna hiyo. Molekuli za etha zinavutana kidogo tu, kwa hiyo zikipata joto dogo zinaondoka. Vitabu vinasema inachemka kwenye digrii thelathini na tano. Tena Isiolo tuko juu kuliko pwani, hewa inakandamiza kwa nguvu pungufu, basi inachemka hata kabla ya kufika hapo.

Uliitazama ile karatasi.

"Stoo yangu saa saba mchana inapita hiyo thelathini na tano," ukasema.

"Basi hakuna mwizi. Mwizi ni jua."

"Mganga mkuu hatakubali kumfukuza jua kazi, Mwalimu. Atanifukuza mimi."

Ulisema hivyo bila kutabasamu, nami nikaona kwamba jambo hili si mchezo. Ulikuwa wa kwanza kwenu kupata mshahara. Ungeachishwa kazi kwa wizi wa dawa, hakuna hospitali nyingine ambayo ingekuchukua, na hospitali yetu haikuwa na mtu mwingine wa kulaza wagonjwa.

Siku mbili tatu baadaye nilikuja hospitalini na kikapu cha maabara. Mganga mkuu alikuwa mzee wa Nyeri, mkali, lakini mtu wa haki. Hakufurahi kuniona. "Mama, hii ni hospitali," akaniambia, "si darasa." Nikamwomba anyooshe mikono tu. Nikamwekea neli mbili za kioo, moja kila kiganja, nikamwambia afumbe vidole. Ya kushoto ilikuwa butanoli, ya kulia etha. Haukupita muda neli ya kulia ikaanza kutoa mapovu. Mzee akashtuka akataka kuiachia, wewe uliyekuwa kando yake ukaishika kwa chini.

"Umeweka nini humu?"

"Sijaweka kitu, daktari. Ni joto la mkono wako."

Akaitazama ya kushoto. Ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini.

Lakini hakuridhika, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema mapovu mkononi si ushahidi kwamba chupa ya stoo ilipungua yenyewe. Basi tukakubaliana. Alichagua mwenyewe chupa ya etha iliyojaa na chupa ya spiriti iliyojaa, vifuniko vyote viwili vya mpira mbovu. Akachora mstari kwenye kioo palipofika dawa, akafunga vitambaa juu ya vifuniko kwa uzi, akaweka sahihi yake kwenye fundo. Zikapanda rafu ile ile. Ufunguo akautia mfukoni mwake.

Wiki hiyo hukuja shuleni. Nilisikia unafanya kazi bila kusema na mtu. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, mganga mkuu alikuita, akatuma mtu aniite na mimi. Alifungua stoo mbele yetu na mbele ya wauguzi. Vitambaa vilikuwa vimefungwa kama alivyoviacha, sahihi zake zikiwa safi. Spiriti ilikuwa imeshuka chini ya mstari kidogo sana, hata ungehitaji kuinama ili kuona. Etha ilikuwa imeshuka mpaka nusu ya chupa.

Mzee aliizungusha chupa ile mikononi. Kisha akageuka akakuambia, kila mtu akisikia, "Galgalo, nilikukosea. Nisamehe." Wewe ukasema, "Yameisha, daktari," ukatoka nje haraka. Nilikukuta nyuma ya jengo umeegemea tangi la maji.

"Mwalimu," ukaniambia, "nitakulipa nini?"

"Chimba shimo," nikakujibu.

Ukachimba kweli, upande wa kaskazini wa stoo, kivulini. Mkaweka chupa humo kwenye sanduku la mbao lililofunikwa magunia yaliyoloweshwa asubuhi na mchana. Nilikufafanulia kwamba hapo tunatumia kile kile ambacho etha imenyimwa. Maji yameshikana sana, kwa hiyo yakikauka kwenye gunia yanahitaji joto jingi kuachana, na joto hilo yanalichukua kwenye chupa. Ulipenda sana jambo hilo. Ulianza kuja shuleni na maswali mengine, na mengine nilijua wazi kwamba ulikuwa na majibu yake tayari.

Baba yangu alikuwa amesikia ile habari ya kwanza, si ya pili. Ulipoleta ujumbe kwamba wazee wako wanataka kuja, aliniita ukumbini.

"Hii kijana si ndiyo ile iliiba dawa ya hospitali?"

"Hakuiba, Aabo. Dawa ilichemka."

"Ilichemka bila moto?"

"Bila moto. Kwa jua tu."

Akafikiri. Alikuwa amesafirisha mafuta njia ya Marsabit tangu ujana wake. "Kweli, pipa ya petroli nikifungua mchana inapumua kama ng'ombe," akasema. Kisha akauliza, "Ni Mborana?"

"Ni Mborana."

"Anasali?"

"Anasali."

Alichezea tasbihi yake kwa muda. "Basi wazee wake waje. Lakini waje na adabu, si na kelele." Walikuja kutoka Korbesa na adabu na ngamia, na baba yangu akasahau kwamba aliwahi kusitasita.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa nyuma ya maduka ya soko la mifugo. Ulikuwa ukirudi na harufu ya etha kwenye nywele na mikono ya shati, nami nilijua kwa harufu hiyo kama siku ilikuwa ya upasuaji mmoja au zaidi. Ulikuwa ukila kimya siku ambazo mgonjwa aliamka vibaya. Siku ambazo mambo yalikwenda sawa ulinisimulia kila kitu, hata nikikuomba unyamaze kwa sababu ninasahihisha.

Sasa nakuja kwenye siku ya Nuria. Hatukuwahi kuizungumza yote, na wewe hukuisikia kutoka upande wangu.

Uchungu ulinishika alfajiri, nawe ukanipeleka hospitalini kwa miguu kwa sababu nilikataa kukaa kwenye gari. Ilikuwa majira ya joto kabla ya mvua, na chumba cha upasuaji kilikuwa na paa la mabati. Kufika adhuhuri daktari wa upasuaji alisema mtoto amekaa vibaya, hawezi kutoka, lazima nipasuliwe. Gari la dawa kutoka Nairobi lilikuwa limechelewa, na kwenye shimo lako kulikuwa kumebaki chupa moja isiyojaa. Mtu mwingine wa kunilaza hakuwepo.

Nilikuwa nimelala pale nikiwasikia mkibishana. Chupa ilikuwa imeletwa mapema, ikaachwa mezani wakati mnanihangaikia mimi, na ilikuwa imepata joto. Uliigusa ukairudisha chini.

"Tuanze," daktari akasema.

"Bado. Chupa ina joto."

"Galgalo, huyu ni mke wako. Akichoka zaidi tutampoteza yeye na mtoto."

"Nikiifungua sasa itaruka yote. Sitaweza kupima matone. Atalala, halafu ataamka katikati kabla hujashona, na nitakuwa sina ingine. Nipe muda kidogo."

Ulikuwa umekwisha kumtuma mtu kwa baba yangu. Alikuja mwenyewe na lori mpaka mbele ya mlango, akakufungulia ule mfuko wa turubai wa maji unaoning'inia mbele ya gari. Maji ya ndani yalikuwa baridi kama ya kisimani. Ukaizamisha chupa humo, ukauning'iniza mfuko dirishani palipokuwa na upepo. Kisha ukasikia stovu ikinguruma chumba cha pili walikokuwa wakichemshia vyombo, ukapiga kelele, "Zima stovu! Zima sasa hivi!" kwa sababu mvuke wa etha ni mzito, unatambaa sakafuni ukiutafuta moto. Sikuwahi kukusikia ukipiga kelele kabla ya hapo, wala baada ya hapo.

Nilijua kwamba unafanya sawa. Mimi ndiye niliyekufundisha. Ningeweza kumweleza yule daktari sababu moja baada ya nyingine. Na nakuambia kweli, Baba Nuria, katika muda ule nilikuchukia. Nilikuwa nauma shuka, nawe umesimama dirishani umeshika mfuko wa maji kama mtu anayesubiri chai.

Kisha ukaja kichwani kwangu. Ukaniwekea usoni ile waya ya kudondoshea dawa, iliyofunikwa kitambaa. Mkono wako ulikuwa na baridi ya yale maji. "Saadia," ukasema, "vuta pumzi, taratibu." Nilikuwa nimeinusa etha miaka mingi kama mwalimu. Siku hiyo niliinusa kama mtu mwingine yeyote, ikanisonga, nikapambana nayo, kisha sauti zikaenda mbali.

Yaliyofuata nilisimuliwa na muuguzi. Alisema mkono mmoja ulikuwa unadondosha matone na mwingine umeshikilia taya langu, na kila baada ya matone kadhaa uliirudisha chupa kwenye mfuko, ambao baba yangu alikuwa ameushika akiwa amesimama mlangoni nyuma yako, amewapa mgongo kwa heshima. Alisema mtoto alipolia kila mtu aligeuka kumtazama isipokuwa wewe. Uliendelea kutazama kifua changu kikipanda na kushuka. Daktari alipomaliza kushona, chupa ilikuwa imebaki na kitu kidogo cha kulowesha kidole.

Niliamka na kichefuchefu, na wewe ulikuwa umekaa pale. Ulisema, "Ni msichana, ana nywele nyingi," kama mtu anayetoa ripoti. Baba yangu ndiye aliyempa jina.

Tangu hapo ulikuwa ukiwaambia wageni kwamba mke wako aliokoa kazi yako. Mimi nilikuwa nasema kazi iliokolewa na chupa ya spiriti iliyobaki mahali pake. Wageni hawakuelewa, nasi hatukujali. Baadaye mlipata mashine ya kulazia wagonjwa, ukaenda Nairobi kuisomea, ukarudi na cheti na suti mbaya ya kijivu. Ulifundisha vijana wa Marsabit na wa Garba Tulla kuhusu shimo na magunia. Miaka hiyo ilikuwa mizuri na sikumbuki mambo yake mengi, labda kwa sababu hiyo hiyo.

Homa ya ini haikukupa muda. Uliyaona macho yako kwenye kioo kabla sijayaona mimi, ukaniita ukasema, "Safari hii si mekundu." Ulijua, na ukaanza kupanga mambo: ada ya Nuria, ng'ombe waliokuwa kwa kaka yako, nani afundishwe mashine. Watu wa Biliqo na Korbesa walijaa uani, na wengi sikuwajua. Kila mmoja alinionyesha kovu lake au la mama yake.

Lakini hasa hili ndilo lililonikalisha kuandika. Nina uvimbe tumboni. Si mbaya, daktari amesema, lakini ni mkubwa na lazima utolewe. Nitafanyiwa upasuaji wiki ijayo, katika hospitali yako. Nilitaka kwenda Meru au Nairobi, nikagundua kwamba sikuwa naogopa hospitali. Nilikuwa naogopa kuingia chumba kile na kukuta mtu mwingine amekaa kichwani.

Mtu huyo ni kijana wa mkoa wa Magharibi, mpole, ana miwani. Anatumia dawa mpya ambayo haishiki moto. Alikuja nyumbani Jumapili kunieleza atakavyofanya, na nikamuuliza maswali mengi mpaka Nuria akaona haya. Akajibu karibu yote. Mawili hakuyajua, akasema hayajui, na hapo nikaanza kumwamini.

Nuria atalala kwa shangazi yake. Ana umri wa kuelewa sasa. Ameniuliza kama inauma, nikamwambia wakati wa kulala hapana, baadaye ndiyo. Ameniuliza kama naogopa. Nikamwambia ndiyo.

Uliwahi kuniambia kwamba watu wakianza kuamka, kabla hawajajua wako wapi, kuna jina moja huwatoka, na kwamba wazee wazima huita mama zao. Nimemwonya yule kijana mapema. Nimemwambia nitaita "Galgalo," asidhani nimechanganyikiwa. Akanihurumia, akasema, "Usijali, Mwalimu. Ukiita nitaitika mimi." Nimemkataza. Nimemwambia akae kimya, aniache niite.

Mungu akulaze pema na akupe nafasi, nasi atupe subira.

Mke wako,
Mama Nuria
Isiolo